Mpangaji Asiye na Mkataba

Jumatatu, 5 Agosti

Joto! Mji mzima wa Tainan unachemka, na mimi ndiye niliye jikoni. Nyumba ni yangu, lakini nalala juu ya paa, kwenye kibanda cha bati nilichokijenga mwenyewe ili nipangishe ghorofa zote za chini. Siku ile nilijiona mjanja kweli. Leo mke wangu Su-chin kasema yamemfika hapa (akashika koo). Sadaka ya marehemu ya katikati ya mwezi ikitukuta bado kwenye bati, anakwenda kwa dada yake, mjini Taichung. Na sufuria ya wali anaondoka nayo. Mungu wangu! Mimi hata maji yananiungulia. Na nyumba bila Su-chin nitaongea na nani?

Dawa ni ghorofa ya tatu. Baraza, upepo, kiyoyozi kizima. Tatizo ni Bi Kuo, mjane aliyekuwa akiuza supu ya samaki sokoni. Ana mkataba wa miaka minne. Nani aliung'ang'ania huo mkataba? Mimi. Niliogopa asinikimbie.

Lakini huu si mwezi wa saba wa kalenda ya wazee? Kuzimu kuko wazi, ndugu wema wanazurura mitaani. (Mwezi huu hawaitwi kwa jina lao halisi. Hata kuliandika sithubutu.) Nikashuka, nikamnong'oneza Bi Kuo kwamba humu ndani kuna ndugu mwema, mpangaji wa zamani aliyekufa, jina lake Liao, anachechemea, hutembea akigongagonga. Nilitegemea apige yowe. Akaniuliza huyo Liao anapenda kula nini.

Jumatano, 7 Agosti

Bi Kuo kamwekea Liao karanga na bia. Eti ni mstaarabu kuliko marehemu mumewe.

Haya. Mchana nikachukua mpini wa ufagio, nikagonga sakafu yangu, ambayo ni dari yake. Ko! Ko! Mara naye akagonga! Nusura nizirai. Baadaye Su-chin akaniambia Bi Kuo alipanda juu ya kiti ili amjibu Liao vizuri, akateleza, akateguka kifundo cha mguu. Sasa anatembelea fimbo. Nimemwonea huruma. Kidogo.

Ijumaa, 9 Agosti

Balaa! Bi Kuo kajikongoja hadi hekaluni kumwuliza mungu wa pale Liao anakaa chumba gani. Karusha zile mbao mbili za kuulizia, zinazojibu kwa jinsi zinavyoanguka. Ghorofa ya tatu? Mbao zikakataa. Ya pili? Zikakubali, mara tatu mfululizo! Kwa wema wake tu akaenda kumpa habari Yeh, mpangaji wangu wa ghorofa ya pili.

Yeh anauza bima ya maisha. Kutwa anawaambia watu kifo hakipigi hodi. Kumbe mwoga kuliko kuku! Kabla ya chakula cha mchana virago viko barabarani. Nikamsihi, jamani Yeh, nani anahama mwezi wa saba, si unajitafutia mkosi? Akanijibu, "Baba mwenye nyumba, mkosi nitaupoza huko mbele ya safari. Wewe baki na Liao wako."

Liao wangu! Kasahau feni. Nimeichukua.

Jumapili, 11 Agosti

Su-chin anaimba. Eti ghorofa ya pili si hiyo iko tupu, kiyoyozi kipo, tuhamie leo leo, na Bi Kuo aachwe na mguu wake. Nikajisikia nasema hapana. Kwa nini? Nikasema, Liao.

Akanikodolea macho. Akauliza kama si mimi niliyemtunga huyo Liao. Nilimtunga, ndiyo! Lakini mungu kamthibitisha, nitabishana na mungu? Na mwezi huu ukimtaja mtu kwa jina, anaitika. Nani alinituma nimpe jina?

Kumridhisha tu, nikashuka ghorofa ya pili kufagia, mchana kweupe. Mara juu ya kichwa changu: ko... ko... ko. Anachechemea! Nilitoka mbio, kandambili moja nimeiacha humo humo na sirudi kuifuata. Nikamkuta Bi Kuo mlangoni kwake, nikamwuliza kama naye amesikia. Akasema hajasikia kitu. Akageuka, akarudi ndani na fimbo yake, ko, ko, ko. Masikio ya wazee haya.

Jumapili, 18 Agosti

Siku ya sadaka. Mtaa mzima meza ziko nje, ubani, bia, biskuti. Su-chin kaondoka. Hakwenda Taichung. Kahamia ghorofa ya tatu kwa Bi Kuo, yeye na sufuria ya wali!

Nawasikia wanacheza mahjong na kucheka. Harufu ya kuku wa mafuta ya ufuta inapanda hadi kwenye bati langu. Bi Kuo kachungulia dirishani, kaniita: "Baba mwenye nyumba, shuka ule! Mwanamume mzima unasusia kuku?" Nikamjibu nina kazi. Su-chin naye kapaza sauti makusudi: siku nitakayolala ghorofa ya pili ndiyo siku atakayorudi. Imeniuma. Upande wake wa kitanda nimeweka feni ya Yeh, lakini feni hainiulizi nimeshindaje.

Nimekaa. Nimekula biskuti za sadaka, ubani ulipokwisha. Nimefikiri sana. Na jibu nimelipata!

Kesho natangaza mtaa mzima kwamba Liao kahama. Kapanda ghorofa ya tatu. Wale wawili watatoka mbio, Su-chin atakimbilia ya pili mwenyewe, nami nitamfuata bila wasiwasi, maana Liao hatakuwepo. Safari ya kwanza nilikosea kidogo tu. Mtu mpweke, mguu mbovu, lazima Bi Kuo amzoee. Safari hii Liao nampa mke. Tena mkali.