Malalamiko ya Karani Aliyesimamishwa Kazi kwa Kusalimu

Kadenge Karisa,
Chaani, Changamwe.
Jumanne.

Kwa Bi. Pascalia Mwende,
Mkurugenzi, Tia Nanga Mawakala wa Forodha,
Changamwe.

Mheshimiwa Mama Mkurugenzi,

KUH: KUSHTAKIWA KWA SALAMU ZANGU

Shikamoo. Natumai hujambo wewe na jamaa wote wa nyumbani, na kwamba ule mguu sasa waukanyagia vizuri. Mimi ni mzima, ila si mzima sana, maana barua yako ya Jumamosi ilinikuta na kikombe cha chai mkononi na chai ikapoa papo hapo. Uniwie radhi kwa kuanza na salamu. Najua kwamba katika kampuni yetu salamu siku hizi ni silaha.

Barua yasema nimesimamishwa kazi kwa udukuzi, na kwamba Ijumaa saa nne nije mbele ya kamati nieleze kwa nini nisifutwe. Nimekuwa karani wako miaka kumi na tisa. Kompyuta mpaka leo huniwashia karani mwenzangu Judy. Leo naambiwa nimevunja mtambo ambao wezi wa dunia nzima wameshindwa kuuvunja. Asante kwa kuniona nina kipaji. Mwalimu wangu wa hesabu, Mungu amrehemu, angefufuka alie kwa furaha. Hata hivyo ninayo malalamiko, nayo nimeyatia nambari kama apendavyo Bwana Justus, mkuu wetu wa kompyuta.

1. Tangu Januari kila tunachoandika kwenda nje ya ofisi hupitia mashine moja iitwayo proksi, iliyo chumbani kwa Bwana Justus chini ya feni. Kazi yangu ni kujaza fomu ya kuomba kontena litolewe bandarini Kipevu. Chini ya fomu pana kisanduku kilichoandikwa "Ujumbe kwa mpokeaji". Mpokeaji ni Bi. Kahaso wa kampuni ya meli. Sasa mama, mimi nimezaliwa na kulelewa Pwani. Nitamwombaje mwanamke mzima kontena la futi arobaini bila kumjulia hali? Nikamwamkia, nikauliza watoto wameamkaje, nikampa pole ya mvua, nikawataja wazee wa kwao Kaloleni mmoja mmoja, ndipo nikaomba kontena. Herufi mia sita na kumi na moja. Nazo salamu hizo zilikuwa fupi, maana siku hiyo nilikuwa na haraka.

2. Bwana Justus aeleza kwamba mashine ilitenga nafasi ya herufi mia mbili hamsini na sita, wala haikujisumbua kupima kinachoingia. Ilimimina tu, kama mtu amiminaye uji kikombeni huku anatazama televisheni. Salamu zangu zikafurika, zikaingia kwenye kumbukumbu iliyowekewa mambo ya wengine, zikayavuruga. Mashine nayo, kwa kuchanganyikiwa, ikanirudishia kwenye skrini yangu kurasa walizokuwa wakisoma wenzangu. Nauliza kwa unyenyekevu: aliyemimina ni nani, na aliyeshtakiwa ni nani? Ati uji ndio wenye makosa!

3. Naambiwa nilisoma siri za watu. Wallahi sikusoma hata neno. Kurasa zilipotokea tu nilifumba macho, nikayafumbua mara chache kuhakikisha kwamba bado nimeyafumba.

4. Judy hajashtakiwa. Yeye huandika "Toa kontena", basi, hata jina la mtu halitaji, na mashine yampenda kama mwanawe. Lakini makontena yangu hutoka siku ileile. Ya Judy hulala Kipevu mpaka madereva wanaanza kufua nguo na kuanika kwenye vioo vya malori. Bi. Kahaso hunijibu salamu zote, tena majibu yake ni marefu kuliko barua zangu. Ikiwa mimi ni mdukuzi, basi huyo mama ndiye kiongozi wa genge, na namwombea asikamatwe.

5. Habari zilifika Chaani kabla mimi sijashuka kwenye matatu. Jirani yangu Margret akiniona hugeuza simu yake kifudifudi. Kanisani, nilikokuwa katibu, wamenipokonya daftari la mahudhurio nisije nikalidukua. Daftari la karatasi, mama! Mke wangu Dama hajaniuliza kitu, lakini nikimwamkia asubuhi hunikatiza katikati, asema nimpunguzie, kichwa chake ni kidogo. Watoto wanacheka. Mimi sicheki. Hilo limeniuma kuliko barua yako.

6. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa hatukuuziba na ukuta hatukuujenga, tumemsimamisha kazi aliyejikwaa. Bwana Justus ameapa mbele yako kwamba kasoro hiyo haikujulikana na yeyote mpaka mimi nilipoifungua kwa hila. Namwamini. Mtu aliyesoma chuo kikuu hasemi uongo, ila akiulizwa swali.

Kwa hayo naomba yafuatayo. Nirudishwe mezani kwangu. Mashine nayo iletwe Ijumaa mbele ya kamati, ijieleze kwa nini haina adabu. Ikishindwa, ipelekwe Kaloleni kwa mama yangu mzazi miezi mitatu, ifunzwe kusalimiwa. Mama hana haraka na hakatizwi. Bwana Justus aandamane nayo awe mkalimani, na alale chumba cha mbuzi maana nyumba kubwa imejaa. Waliotengeneza mashine waandikiwe barua ya kuonywa, na niko tayari kuiandika mimi mwenyewe, kurasa nne kwa kuanzia.

Mama, nimefanya mzaha, lakini nasema kweli sasa. Sina kazi nyingine, na jina ninalo hili moja tu. Nikifutwa kwa udukuzi, hakuna wakala wa forodha kutoka hapa hadi Mtopanga atakayenikabidhi hata ufagio.

Nisalimie bwana wa nyumbani, watoto kila mmoja kwa jina lake, askari wa getini, na mama wa chai ambaye hajawahi kunipimia sukari. Bwana Justus nisalimie pia. Zake nimezipunguza, asije akafurika: Hujambo.

Ni mimi mtumishi wako, niliyepewa likizo nisiyoiomba,

Kadenge Karisa,
Karani.

Baada ya sahihi: Nimekumbuka jambo. Mojawapo ya kurasa zile ilikuwa onyo la watengenezaji wa mashine kwa Bwana Justus, la mwezi wa pili, likimwonyesha kasoro ilipo na kwamba dawa yake ni kazi ya dakika kumi. Chini yake pana majibu yake mwenyewe: hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeandika ujumbe mrefu namna hiyo. Nilichapisha nakala tatu papo hapo na Ijumaa nitakuja nazo. Najua kuzitoa ni kukiri kwamba nilisoma. Basi nakiri, mama, nilisoma yote. Tena mara ya kwanza majibu hayo yalikatika katikati, ndiyo sababu kesho yake, ili yatoke yote, nikaongeza salamu za wakwe.