Hadhira ya Kongamano la Kumi na Tisa

Chama cha Fasihi kilitangaza, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba kongamano lake la kumi na tisa litafanyika Jumamosi na Jumapili katika ufuo wa Kalindipur, na kwamba bahari imekwisha kuarifiwa.

Maandalizi yalikamilika kwa kiwango cha kuridhisha. Hata hivyo, Jumamosi asubuhi Hrishikesh Maiti, katibu wa chama kwa miaka kumi na mmoja, aligundua upungufu mmoja wa kiutawala. Wanachama kumi na wanane walioshuka na basi kutoka Kolkata wote walikuwa washairi, na washairi wote walikuwa na viti vyao jukwaani. Chini ya hema, viti vya wasikilizaji vilikuwa vinasikilizana vyenyewe.

"Hilo ni suala la utekelezaji, si la sera," alisema mwenyekiti, Pranabesh Ghoshal, akiirekebisha shali ya heshima aliyojitunuku mwaka uliopita. "Afisa wa Ardhi anafika saa nne. Tafuta hadhira."

"Hadhira ya namna gani, mheshimiwa?"

"Yenye kukaa."

Hrishikesh alizunguka nyuma ya hoteli, akafuata harufu. Upande wa mashariki palikuwa na uwanja uliojaa vichanja vya mianzi, na wanawake thelathini na wawili wakigeuza samaki juani. Hakuwahi kupaona mahali hapo, lakini alipafahamu vizuri. Mezani kwake mjini alikuwa ameandika azimio la kumuomba Afisa awape wanachama "ukanda wa mchanga usio na matumizi ulio mashariki ya hoteli" wajenge Jumba la Fasihi. Azimio lenyewe lilikuwa la kesho. Leo alitumwa kuleta watu, si kutoa habari. Akasogea kwenye vichanja.

Kiongozi wa wanawake hao, Angurbala Bera, mjane wa makamo, alimtazama viatu kwanza, kisha uso.

"Kazi yenyewe nini, kaka?"

"Kusikiliza."

"Kusikiliza tu? Hawa wanawasikiliza waume zao kila siku, na hakuna anayewapa hata chai. Kuna chakula?"

"Wali na samaki wa haradali."

"Samaki tunao."

"Na kuku."

"Kivuli?"

"Hema zima."

Angurbala akawageukia wenzake. "Haya jamani, tukakae kama wake wa wakubwa."

Wakaandikishwa kuwa Kitengo cha Hadhira. Hrishikesh aliwapa mafunzo ya dakika tano: akiinua leso, wapige makofi, akiishusha, waache.

Siku ya kwanza ilifana. Taa ya ufunguzi iligoma kuwaka kwa upepo, hivyo Afisa wa Ardhi, Bwana Sarkhel, akaitangaza kuwa imewaka, mbele ya mpigapicha wa gazeti. Washairi tisa walisoma juu ya bahari. Wa kumi alisoma juu ya bahari kwa dakika arobaini. Jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba ni kwamba wanawake walisikiliza kweli.

"Yule mzee anasema bahari inanong'ona," Angurbala alimwambia Hrishikesh wakati wa chai. "Anakaa wapi?"

"Kolkata."

"Ndiyo maana. Ya huku inafoka." Akanywa kidogo. "Lakini pale aliposema juu ya mamake, alisema vizuri. Mwambie."

Katika miaka kumi na mmoja, hakuna aliyewahi kumwambia Hrishikesh kwamba shairi lolote lilikuwa zuri mahali fulani. Akaweka kikombe, akaenda kumwambia mzee.

Jumapili, baada ya kuku, mwenyekiti alisoma azimio kwa lugha ya kifasihi hata washairi wawili wakasinzia. Bwana Sarkhel akatoa fomu yake. Fomu ilidai ridhaa ya wakazi wa eneo, kwa kunyoosha mikono.

"Wakazi ndio hawa, tele," alisema Ghoshal kwa furaha. "Katibu, leso."

Leso ilipanda. Makofi yakalia. Yalipokoma, Angurbala alisimama.

"Kaka katibu, huo mchanga usio na matumizi uko wapi?"

"Mjibu kwa ufupi," alisema mwenyekiti.

Hrishikesh aliikunja leso, akaikunja tena mpaka haikukunjika zaidi.

"Ni pale mnapoanika samaki."

Wanawake wakageuza vichwa mashariki.

"Nani kaandika hauna matumizi?"

"Mimi, dada. Kabla sijapaona."

"Sasa umepaona."

"Nimepaona."

Wanaokubali walipoitwa, mikono ya washairi kumi na saba ilipanda. Wa kumi na nane alikuwa mzee wa bahari inayonong'ona. Mikono yake ilibaki magotini. Wanaokataa walipoitwa, ikapanda mikono thelathini na miwili, mingine ikiwa bado na magamba.

"Hadhira haina kura," alisema Ghoshal.

"Fomu inasema wakazi," alijibu Bwana Sarkhel, mtu asiyeogopa chochote duniani isipokuwa fomu iliyojazwa vibaya. "Washairi si wakazi. Wanaokubali: hakuna. Wakikataa, najaza sehemu ya pili, ya kuwatambua watumiaji wa sasa. Matumizi ya sasa ya ardhi?"

"Kuanika samaki," alisema Hrishikesh.

"Watumiaji?"

Hrishikesh akampa orodha ya Kitengo cha Hadhira, majina thelathini na mawili kwa mwandiko safi.

Kwa miaka ishirini wanawake wale walikuwa wakienda ofisini kwa Bwana Sarkhel na watangulizi wake kuomba uwanja wao utambuliwe, wakijibiwa kwamba hakuna fomu ya jambo hilo. Fomu ilikuwapo. Ilihitaji tu mwombaji mwenye shali. Ghoshal, kama mwombaji, alielekezwa mahali pa kutia saini. Alitia, kwa kuwa mpigapicha wa gazeti alikuwa amekwisha kumwomba atabasamu.

Bwana Sarkhel alipiga muhuri, akaondoka na gari lake. Nusu saa baadaye jua lilikuwa limehama, samaki wakahitaji kugeuzwa, na viti vya wasikilizaji vikabaki vitupu.

Mwenyekiti alipanda jukwaani kusoma utenzi wake wa kufunga kongamano. Akafungua karatasi, akainua macho.

"Katibu, hadhira iko wapi?"

"Iko kazini, mheshimiwa," alisema Hrishikesh, naye akavua viatu, akaelekea mashariki.