Sajini Aliyeuza Tarehe

Haya ninayoyasimulia yametokea kweli, mwanzo hadi mwisho, na ninaapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo ni machache, kwa hiyo siwezi kuyachezea. Gereza lenyewe sitalitaja. Lipo upande wa Korogwe, lina ukuta, lina mashamba, na anayelijua analijua. Mwenye habari ni Sajini Kasmiri, karani wa kumbukumbu, mjukuu wa manamba wa mashamba ya katani, mtu ambaye ulimi wake ulipakwa mafuta kabla hajaota jino la kwanza.

Kazi ya karani wa kumbukumbu si ya kubeba bunduki. Ni kazi ya kalamu. Mfungwa akiletwa, Kasmiri anapokea hati yake ya kifungo, anamwandika kwenye kitabu kikubwa kuliko meza, anamfungulia faili, anapiga hesabu ya siku zake na kuandika tarehe ya kutoka. Na katika hilo tumpe haki yake. Hata waliomchukia walikiri kwamba hakuna mfungwa aliyewahi kulala ndani siku moja ya ziada kwa kosa la Kasmiri. Mwandiko wake ulikuwa umesimama kama gwaride la Uhuru.

Sasa, sheria inasema mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi ya kifungo chake. Aliyepewa miezi kumi na minane anakaa kumi na miwili, anakwenda zake. Jambo hili halina siri. Lakini ndugu wengi wa wafungwa hawalijui, wao wanahesabu miezi yote kumi na minane kwa vidole na kwa machozi. Kasmiri alipoligundua hilo, alikaa kwenye kiti chake cha masjala akatabasamu kama mtu aliyeokota ufunguo wa ghala. Kumbe alikuwa na bidhaa! Alikuwa na miezi sita ya watu, imelala bure kwenye kabati la chuma.

Akaanza kuiuza. Si kwa fedha, jamani, Kasmiri hakuwa mshamba. Fedha ina ushahidi. Yeye alipokea "shukrani": kabichi kutoka Lutindi, asali, mkungu wa ndizi. Mtu alitoka siku ileile ambayo angetoka hata kama Kasmiri angekuwa amelala usingizi, na familia ikamwombea dua. Alibakiza miaka mitatu astaafu, na alikuwa amepanga kuimaliza kwa kutafuna taratibu.

Hapo ndipo alipomwona Bibi Naishorua.

Ilikuwa Jumapili ya kutembelea wafungwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya lango, shuka jekundu, shanga mpaka mabegani, fimbo magotini. Ametoka nyika za Handeni kumwona mwanawe Leboo, aliyefungwa miezi kumi na minane kwa kumvunja mtu mkono mnadani. Kasmiri aliangalia zile shanga, akaangalia zile ndara za tairi, akaona nyuma yake kundi zima la ng'ombe likipiga kwato.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Miezi kumi na minane ni mingi."

"Ni mingi."

Kasmiri akaketi, akashusha sauti ikawa ya msibani. "Tatizo faili lake liko chini ya rundo. Faili likikaa chini, bibi, linajisahau."

"Na likikaa juu?"

"Likikaa juu linauona mlango."

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Na nani analitoa chini kulipeleka juu?"

"Mkono huu unaouona."

Bibi akautazama ule mkono mbele na nyuma, kama anayetafuta kupe. "Mkono huo unakula nini?"

"Aa, bibi! Mimi sisemi kitu. Watu huwa wanakumbuka tu wenyewe. Kuku, hivi..."

"Kuku?" Bibi alicheka. "Kwetu mtu mzima hapelekewi kuku, atadhani anatukanwa. Mwanangu akitoka mapema, wewe utakuwa na ng'ombe. Mtamba."

Kasmiri akameza mate yakapita kwa kelele. Mtamba! Alirudi masjala, akafungua faili la Leboo, akasoma tarehe ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameiandika mwaka uliopita: tarehe kumi na nne, mwezi wa nane. Imebaki miezi miwili. Akalifunga, akalipapasa kwa upendo, na kwa heshima ya makubaliano akalitoa chini ya rundo akaliweka juu. Asije mtu akasema hakufanya kazi.

Tarehe kumi na nne Leboo alitoka. Wiki iliyofuata Kasmiri aliomba ruhusa ya siku moja, akavaa suti yake ya kaunda, akapanda gari mpaka Handeni mjini na bodaboda mpaka bomani kwa bibi, huku kapakata kamba mpya ya katani. Njiani alishamuuza yule mtamba mara tatu kichwani, na kila mara bei ilipanda.

Alipokelewa kama mkwe. Akapewa kigoda, akapewa maziwa. Kisha Bibi Naishorua akamwonyesha kwa fimbo: mtamba mwekundu, paji jeupe, amenenepa mpaka anang'aa.

"Huyo."

Kasmiri akasimama na kamba yake.

"Kamba ya nini?" akauliza bibi.

"Ya kumchukulia."

Boma zima likacheka. Leboo alicheka mpaka akaegemea ua wa miiba akachomwa. "Afande," akasema, "wewe umezoea kufunga. Hapa hakuna anayefungwa."

Bibi akamketisha tena, akamweleza kama mtoto. Ng'ombe wa zawadi haondoki kwenye kundi. Anakaa na wenzake, anachungwa na wenzake, anazaa hapo. Ni wake, sikio litakatwa alama yake, kila mtu atajua ni wake. Lakini kumtoa kumpeleka mnadani, hilo ni tusi ambalo bibi alisema hata jina halina.

"Na kuanzia leo," akaendelea, "mimi na wewe hatuitani majina. Walioshirikiana ng'ombe wanaitana kwa huyo ng'ombe. Mimi nitakuita Pakiteng, na wewe utaniita Pakiteng. Popote tutakapokutana."

"Popote?" Kasmiri akauliza.

"Hata kanisani."

Alirudi Korogwe na kamba yake mikononi. Bodaboda akamuuliza kama alikwenda kujinyonga akaghairi.

Simu ya kwanza ilikuja mwezi wa kumi na mbili.

"Shikamoo afande. Ninaitwa Nicolaus, mtendaji huku Kwamsisi. Mtamba wako ameingia kwenye mahindi ya Mzee Mathias."

"Mtamba wangu? Peke yake?"

"Hapana, yupo na wenzake arobaini. Lakini bibi anasema aliyewaongoza ni wako."

"Mtendaji, ng'ombe arobaini wameongozwa na mtamba?"

"Bibi anasema ana akili sana. Anasema ameirithi kwa mwenyewe."

Kasmiri alitaka kusema hana ng'ombe. Neno lilifika kwenye meno, likarudi. Maana akikana, mtendaji ataandika barua kuulizia. Barua itakwenda gerezani. Gerezani itafunguliwa na mkuu wa gereza, Afande Stefania, mwanamke ambaye alikuwa anasoma barua mara mbili, ya pili akiwa amevua miwani. Naye atauliza jambo moja tu: karani wangu wa kumbukumbu amepewa ng'ombe na mama wa mfungwa kwa kazi gani? Na hapo miaka thelathini na minne ya utumishi, kiinua mgongo, keki ya kuagwa, vyote vinapita dirishani.

"Mzee Mathias anataka nini?" akauliza kwa unyonge.

"Debe mbili za mahindi, yaishe."

Akapeleka. Mwezi wa kwanza mtamba akala mbaazi. Mwezi wa pili akakanyaga matuta ya viazi, akavunja uzio, akanywa maji ya kufyatulia matofali. Katika muda huo ng'ombe wengine wote wa Bibi Naishorua waliishi kama watawa. Kila shina lililoguswa Kwamsisi liliingia kwenye mdomo mmoja, na mdomo huo ulikuwa wa afande. Shamba dogo la Kasmiri, alilolima kwa ajili ya uzee wake, likawa linavunwa na kusafirishwa Handeni debe kwa debe. Usiku hakuota tena ng'ombe, aliota magunzi.

Akampigia bibi. "Bibi, mchukue mtamba wako. Ninakurudishia."

"Nani bibi?"

"...Pakiteng. Ninakurudishia."

"Zawadi hairudishwi, Pakiteng. Nikipokea, itabidi nieleze boma lote kwa nini. Nieleze?"

"Usieleze."

"Haya. Anakusalimia. Ana mimba."

Ikaja Jumapili moja, ndugu wa wafungwa wamejaa mabenchi, na Afande Stefania mwenyewe amesimama langoni akikagua. Kasmiri yuko pembeni yake na daftari, amenyooka. Mara, kutoka barabarani, sauti iliyozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo:

"Pakiteng! Weee, Pakiteng!"

Bibi Naishorua huyo, na Leboo nyuma yake kabeba kibuyu cha maziwa. Kasmiri akajificha nyuma ya daftari, ambalo lilikuwa na ukubwa wa kuficha pua tu.

"Sajini," akasema Afande Stefania taratibu, "mimi nimekulia Handeni. Hilo neno haliitwi hivihivi. Linakuja na ng'ombe."

Jasho lilimtoka Kasmiri likaingia soksini.

"Bibi, shikamoo," Afande akasema. "Huyu sajini wangu ana ng'ombe kwako?"

"Marahaba, mwanangu. Anaye. Mtamba, na karibu atazaa."

"Ulimpa kwa kazi gani?"

Bibi akamtazama Kasmiri kwa muda mrefu, kama mtu anayepima mnyama mnadani na bado hajaamua kama anunue au ampe kisogo. Kasmiri akamtazama kwa macho ya ndama.

"Kwa ahadi yake," akasema bibi. "Aliniahidi kwamba kila Jumapili atakaa kwenye benchi hili hapa, atoe lile daftari, awasomee ndugu wote tarehe zao za kutoka. Na kuwaeleza ile theluthi. Bure, hata yai asichukue. Nikasema, mtu wa namna hiyo lazima awe wa boma letu."

Mabenchi yakaguna. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Theluthi gani?"

Afande Stefania akavua miwani. "Ni kweli, Sajini?"

Nikwambie, katika maisha yake Kasmiri alikuwa ametunga ahadi nyingi. Hii ndiyo ya kwanza aliyotungiwa.

"Ni kweli, afande."

"Basi anza leo. Na huyo mtamba utaniandikia barua kumweleza, nimfungulie faili. Hapana, mfungulie wewe mwenyewe, una mwandiko mzuri."

Alipogeuka kwenda zake, Kasmiri akamsogelea bibi, midomo haichezi. "Ulikuwa unajua?"

"Leboo aliniambia tarehe yake wiki aliyoingia. Mfungwa gani hajui siku yake? Na baba yake alisamehewa theluthi hiyohiyo kabla wewe hujajua kufunga kifungo cha suruali."

"Sasa mtamba ulinipa wa nini?"

"Wakulima wa Kwamsisi wanamwonea haya nani zaidi, Pakiteng? Mjane au afande?" Akamkabidhi kibuyu. "Kunywa. Una watu wengi wa kusomea."

Alisoma mpaka jua likaelekea milimani, na kila Jumapili baada ya hapo, miaka miwili mizima, mpaka alipostaafu. Faili la mtamba lipo mpaka leo kwenye lile kabati la chuma, limeandikwa vizuri sana.

Hapo ndipo hadithi inapokwisha. Juzi niliisimulia asubuhi pale Korogwe, kwenye banda la supu la Joyceline, na watu walicheka mpaka chapati zikapoa. Joyceline peke yake hakucheka. Alikuwa anakata ndimu.

"Na huyo Kasmiri wako yuko wapi siku hizi, babu?"

"Alihama. Nasikia yuko Songea huko."

"Pole yake. Maana mama yangu anamtafuta. Kaka yangu alipofungwa, mama alitoka Dindira na kuchi, jogoo mkubwa kama mtoto wa chekechea, akampa ili faili liende juu."

"Kuchi!" nikasema, maana uongo mimi huwa unaniudhi. "Acha hizo, Joyceline. Dindira sikupewa kuchi, nilipewa bata."

Vijiko vikasimama. Mzee Filemoni, jirani yangu wa miaka mingi, akashusha bakuli lake mezani kwa heshima kubwa.

"Ni bata," Joyceline akasema, akiendelea na ndimu zake. "Nilitaka tu useme mwenyewe, afande."

Jumamosi nilimpeleka bata Dindira. Bodaboda ilishindwa na utelezi, nikamalizia mlima kwa miguu, bata kwapani, ananidonoa. Mama yake Joyceline alimpokea, akampima kwa mkono, akampima tena, akanirudishia macho.

"Yule wangu," akasema, "alikuwa mnene zaidi."

Nikashuka kumfuata wa pili.