Kitambi Nilichodai Nimekirithi

Jamani, leo nimeaibika Bunda, na aliyeniaibisha ni mama yangu mkubwa.

Nilitoka Musoma asubuhi kuwasalimia wazee walionilea, yeye na mumewe, baba mkubwa. Nikawakuta wanaenda uwanja wa kanisa, kuna upimaji wa bure wa presha na sukari. Nikafuatana nao.

Muuguzi akanipima presha, akarudia, akaliangalia tumbo langu. (Muuguzi akirudia kipimo, ujue kuna jambo.)

"Kaka, hiki kitambi umekitoa wapi?"

"Cha kurithi, sista. Baba mkubwa yule pale anacho hivihivi. Presha anayo, sukari anayo. Kwetu ndivyo tulivyo."

Hilo jibu nimekuwaga nalo miaka yote. Mke wangu akinipunguzia ugali, namwambia huwezi kushindana na damu.

Sista akafurahi. Akatusimamisha na baba mkubwa, tumbo kwa tumbo, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, magonjwa haya mengine yanatembea kwenye ukoo. Mwangalieni mzee na mtoto wa mdogo wake."

Watu wakasogea. Nikasimama vizuri, hata nikajisikia fahari kidogo. (Akili zangu nazijua mwenyewe.)

Ndipo mama mkubwa akainuka kwenye benchi.

"Samahani, sista. Huyu ni mtoto wa mdogo wangu mimi. Mzee huyo ni mume wangu tu, hawana damu moja hata tone. Baba yake mzazi yuko Butiama, analima mpaka leo, mwembamba kama fito."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba mkubwa alicheka mpaka akashikilia meza.

Mimi nilitaka kujua kweli. "Sasa mbona tunafanana?"

Mama mkubwa akasogelea kipaza sauti. "Tangu uko shule mlikuwaga mnajificha wewe na mzee huyu kwenye kibanda cha chipsi, na soda juu. Mlidhani sijui?"

Sista akasema damu inachangia, hilo ni kweli, ila wanaokula pamoja pia huambukizana tabia. Akaniuliza mwanangu anapenda kula nini. Jana tumekula naye chipsi pale Nyasho, Musoma, na mama yake hajui.

Sasa hivi baba kanipigia kutoka Butiama. Habari zimeshamfika. Anauliza ukoo wake umenikosea nini hadi niusingizie kitambi.

Msicheke, bado natafuta jibu.