Chai ya Usiku Mmoja

Siku Ridhiwani alipoingia Kasulu na pikipiki yake nyekundu, hakuwa na nia ya kumtapeli mtu yeyote. Alikuwa na njaa tu. Tuliseme hilo mapema kwa heshima yake, maana huko mbele hatutapata nafasi nyingine ya kumsifu.

Aliegesha karibu na soko, mbele ya ghala la maharage la Pelagia, akaagiza chai na chapati kwa mama ntilie wa pembeni. Hajamaliza kikombe, akamwona mwanamke aliyevaa raba, jasho likimtoka, akipanda mzani wa magunia. Mwanamke alitazama namba, akashuka, akapanda tena, kisha akakaa juu ya gunia na kujifunika uso kwa mtandio.

Huyo alikuwa Mwalimu Josephina. Pelagia, mwenye ghala, akamuuliza kulikoni jirani yangu, naye akaeleza, na Ridhiwani, ambaye masikio yake hayakuwahi kufundishwa adabu, akasikia yote. Daktari alikuwa amemwambia apunguze uzito kwa sababu presha inapanda. Mama yake mzazi alikufa kwa kiharusi akiwa na umri kama wake, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akaacha soda, akaacha maandazi, akaanza kutembea kila asubuhi kutoka Murubona hadi shuleni, na kilo zikawa zinashuka kidogo kidogo. Juzi tu alikwenda kwenye sendoff ya mpwa wake aliyekuwa anaolewa, akala pilau na samaki wa chumvi kama watu wengine. Leo mzani unamwambia kilo mbili zimerudi.

"Miezi yote hii natembea kwa faida gani?" alisema. "Bora nikae nyumbani nisubiri zamu yangu."

Mtu yeyote mwenye moyo angemhurumia. Ridhiwani naye alimhurumia, kwa muda wa kutafuna tonge la chapati. Baada ya hapo akaona biashara.

Zamani, kule Tabora, aliwahi kukaa barabarani na mzani mdogo akipima uzito wapita njia. Kazi ile haikumpa utajiri, lakini ilimfundisha jambo moja ambalo wateja wake hawakulijua: mtu yule yule akipimwa jioni ameshiba, na kesho asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, huwa kama watu wawili. Hana alichofanya isipokuwa kulala na kwenda chooni. Mzani ule bado alikuwa nao, umefungwa nyuma ya pikipiki.

Wiki hiyo hiyo mji ukasikia kwa kipaza sauti kwamba Daktari Ridhiwani, bingwa wa lishe, amefika na Chai ya Usiku Mmoja. Ukumbi wa gesti ulikodiwa. Jioni wateja walikaribishwa karamu ya bure, ambayo bingwa aliiita kuuaga unene: ugali wa muhogo, samaki aina ya migebuka wa chumvi, maharage, na maji ya kunywa mpaka mtu aseme basi. Ndipo wakapimwa, wameshiba, na viatu vyao na makoti yao, kwa kuwa jioni za Kasulu zina baridi na daktari mwenye huruma hawezi kumvua mgonjwa koti. Kila mmoja akaondoka na pakiti ya chai. Ndani yake mlikuwa na mchaichai, tangawizi, na majani fulani ambayo hata bingwa mwenyewe hakuwa na uhakika nayo. Asubuhi walirudi na njaa, wakaambiwa wavue viatu na makoti ili dawa ionekane vizuri, wakapanda mzani. Vigelegele vikapigwa. Wauguzi, makarani, wake wa wakubwa waliohamishiwa huku kutoka mikoani, watu waliosoma wakafaulu, wote walipanga foleni kununua dozi kamili.

Josephina alikuwa miongoni mwao. Usiku mmoja ulimwondolea zaidi ya kile pilau ilichomrudishia. Alikwenda moja kwa moja ghalani kwa Pelagia, ambaye ndiye aliyetunza sanduku la kikoba chao cha kuweka akiba, akaomba kutoa hisa zake zote anunue dozi ya mwaka. Raba alikuwa ameshampa mdogo wake.

"Na vidonge vya presha?" Pelagia akamuuliza.

"Daktari Ridhiwani anasema chai inatosha."

Hapo Pelagia akaacha kutabasamu. Lazima tumweleze kidogo huyu mama. Alikuwa mnene, mwenye mali na mwenye maneno, na maharage yake yalikuwa na tabia ya ajabu: yakifika Mwanza yalikuwa mepesi kuliko yalivyotoka Kasulu, na hadi leo wanunuzi wanailaumu barabara. Alimpenda jirani yake kweli, na hofu ilimshika. Lakini tusimfanye malaika. Kilichomkera pia ni kuona mgeni anakuja kudanganya watu kwa kilo katika mji ambao kazi hiyo ina mwenyewe.

Alimpa Josephina bahasha ya hisa zake, akamwambia asinunue kitu hadi Jumamosi. Kisha Ijumaa jioni akaenda ukumbini.

Alimkuta Ridhiwani akigawa migebuka. Akamsalimia kwa unyenyekevu mkubwa, akasema yeye ni mwenyekiti wa wafanyabiashara wa maharage, wanawake wa Kasulu, Kibondo mpaka Mabamba, wote wanene, wote wana fedha. Chai ikimpunguza yeye, wataichukua yote. Ila wenzake ni wagumu, watataka dhamana.

"Dhamana gani, mama?"

"Mimi naweka gari zima la maharage. Wewe weka ile pikipiki. Nikipungua kesho, maharage yako. Nisipopungua, pikipiki yangu."

Ridhiwani alijitahidi asicheke. Hajapata kuona mtu asiyepungua usiku. Akaweka funguo mezani mbele ya watu wote, kwa mkono wa maringo, akamkaribisha mgeni ale.

Pelagia akasema samahani, ni Ijumaa ya Kwaresima, amefunga tangu jana hata maji hajagusa. Wakatoliki wengine ukumbini waliinamia sahani zao na kuendelea kula, wakisema Mungu anaelewa. Ridhiwani, kwa tamaa ya gari la maharage, akalisahau somo la Tabora, akafurahi zaidi: aliyefunga si ndiye atakayepungua sana? Akampandisha mzani. Pelagia akavua koti, akavua viatu, akavua na mkufu, akasema ghalani kwake wamezoea kupima vitu vikavu. Alichukua pakiti yake ya chai akaenda zake.

Alipofika nyumbani alikula ugali na dagaa wa chumvi, akala tena. Kulipokucha akakaa na jagi la maji, akalimaliza, akajaza jingine. Chooni hakwenda, na kwa umri wake hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Josephina alikaa mbele, bahasha ya hisa zake mapajani. Pelagia akaingia polepole sana, akawasalimia wote kwa Kiha, "mwakeye", akavua koti na viatu, akapanda. Mshale ukapita pale uliposimama jana, ukaendelea na safari.

Ridhiwani aliusugua mzani kwa leso. Akampandisha tena. Mshale haukubadili mawazo.

"Umekunywa maji wewe," alisema.

"Maji yananenepesha, daktari?"

"Yana uzito. Lita moja ni kilo moja, iwe kwenye ndoo au tumboni. Na umekula chumvi. Chumvi inayashika maji mwilini, yanakaa siku mbili tatu. Hayo si mafuta, mama. Mafuta hayaji kwa usiku mmoja."

Alikuwa amelisema vizuri, kwa sauti ya bingwa kamili, na kwa mara ya kwanza tangu afike mjini lilikuwa kweli. Pelagia akashuka kwenye mzani.

"Na mafuta yanaondoka kwa usiku mmoja?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Ridhiwani akaziangalia funguo mezani. Akisema yanaondoka, basi chai ilipaswa kumpunguza mama huyu, na pikipiki imekwenda. Akisema hayaondoki, chai imekwenda, lakini labda dhamana ingehesabiwa batili. Aliipenda pikipiki kuliko chai.

"Hayaondoki," akasema.

"Asante. Basi chai haipunguzi, na mimi sijapungua." Pelagia akachukua funguo.

Yaliyofuata hayakuwa ya heshima. Wauguzi walimzunguka Ridhiwani, makarani wakamshika kola, na kila shilingi ikarudi ilikotoka. Josephina alisubiri mpaka watu wakapungua, kisha akamsogelea. Ridhiwani akajikinga uso.

"Sikupigi. Niambie kweli. Ile siku baada ya sendoff, nilikuwa nimenenepa?"

Ridhiwani alimtazama, na safari hii huruma ilikaa zaidi ya tonge moja.

"Hapana, mwalimu. Ilikuwa chumvi ya samaki, wali, na maji. Ungeendelea kutembea yangeshuka yenyewe. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, hujala. Usitazame jana na leo. Tazama mwezi na mwezi. Na vidonge vya presha usiache."

Josephina akacheka, akalia, akacheka tena. Alikuwa amekaribia kufa kwa ajili ya sahani ya pilau. Akampa Pelagia bahasha airudishe sandukuni, akakataa kupakiwa kwenye pikipiki, akaondoka kwa miguu kwenda kumnyang'anya mdogo wake raba.

Nje, Pelagia alikuwa ameshaiwasha pikipiki. Aliijua kazi hiyo tangu enzi za kufuata maharage Mabamba. Ridhiwani akatoka na mzani wake begani, akaomba lifti mpaka stendi, akapande gari la Kibondo.

"Lifti hakuna," Pelagia akasema. "Abiria nabeba."

"Nauli kiasi gani?"

"Sijui bado. Kwangu mzigo hulipiwa kwa kilo. Weka mzani chini, panda."

Ridhiwani akaukumbuka mlo wake wa asubuhi, alioula kwa kusherehekea mapema: supu, chapati, chai ya maziwa, na chapati nyingine. Akatua mzani taratibu, akainama kufungua kamba za buti.

"Viatu acha," Pelagia akamwambia. "Na koti usivue, kuna baridi."