Mashine ya Kunusa na Heshima ya Rebeka

Kikundi cha Kina Mama wa Povu,
Likombe, Mtwara.

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Barafu.

Ndugu Meneja,

YAH: KUOMBA MASHINE YA KUNUSA IRUDISHWE ILIKOTOKA

Tunatumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri ofisini na feni inazunguka. Sisi kwa afya hatujambo, ila roho zetu haziko sawa hata kidogo, na sababu yenyewe unaiona kila siku ikipita mlangoni kwako, imening'inia begani kwa fundi Gideoni.

Nieleze kwanza, kwa faida ya yeyote utakayemwonyesha barua hii. Sisi ni wanawake watano. Mitambo ya barafu inapozimwa kwa matengenezo, kazi yetu ni kukoroga povu la sabuni, kulipaka kwa brashi kwenye maungio ya mabomba, halafu kukaa na kuangalia. Povu likivimba, hapo panavuja, tunaita fundi. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha sisi na watoto. Sasa Gideoni amekuja na mtungi wa gesi. Anaijaza kwenye mabomba, kisha anapita na mashine yenye mdomo mrefu ikinusa, na pale gesi inapotokea, mashine inalia. Tumesikia kwamba hiyo ndiyo itakuwa njia ya kiwanda, na ndoo zetu zitapelekwa stoo. Hatukubali, kwa sababu zifuatazo:

1. Mashine haina adabu ya kazi. Sisi tulikuwa tunasalimiana, tunakoroga povu, tunapaka, tunapumzika kwa chai na ming'oko, vile viazi vya porini, ndipo tunarudi kuangalia povu limefikia wapi. Kila bomba lilipewa nafasi yake. Gideoni amemaliza upande wote wa mashariki kabla chai haijachemka, akabaki amesimama hana la kufanya. Huko ni kumlea kijana wa watu katika uvivu, na tunasema hivi kwa kumwonea huruma.

2. Inaona mno. Sisi tulipopaka povu, matundu yalikuwa machache na ya maana. Mashine imekuta matundu mahali ambapo sisi kina mama wazima na macho yetu tuliangalia tukaona pako salama. Kiwanda kimeishi na vitundu hivyo miaka yote bila ugomvi. Mkianza kufukua kila kimoja, mtafika wapi?

3. Gesi yenyewe haionekani wala hainuki. Gideoni anasema ni haidrojeni kidogo iliyochanganywa na naitrojeni nyingi, haiwaki wala haidhuru. Sawa, tumemsikia. Lakini povu mtu unaliona kwa macho yako. Mashine ikiamua kulia kwa sababu zake binafsi, nani atabisha?

4. Na imeshalia kwa sababu zake binafsi. Jumatano, tulipotoka kula, mashine ilipita nyuma ya mwenzetu Rebeka ikapiga kelele hadi wapakiaji wa barafu wakageuka. Hapakuwa na bomba hapo. Gideoni, badala ya kunyamaza kama mtu aliyelelewa, akaeleza mbele ya watu kwamba haidrojeni hutengenezwa pia tumboni, hasa mtu akila mbaazi. Jamani, mbaazi tulikula wote, na yeye mwenyewe aliomba aongezwe. Rebeka ni mwimbaji wa kwaya, mama mwenye wakwe, na tangu siku hiyo hajatia mguu kiwandani. Imetuuma sana mwenzetu kupimwa kama bomba.

5. Kwa hiyo, ikiwa mashine ni lazima ibaki, tunadai mbaazi zipigwe marufuku eneo lote la kiwanda, na Gideoni akamwombe Rebeka radhi mbele ya kwaya nzima. Tena, kwa kuwa kila mtumishi ana tumbo, upimaji usibague vyeo. Mashine ipitishwe ofisini kwako, ianze na kiti chako, na matokeo yabandikwe ubaoni.

Ndugu Meneja, povu halijawahi kumsingizia mtu. Turudishie kazi yetu.

Wasalimie walinzi wa getini, wapakiaji wote, na wachuuzi wa samaki wanaotoka Kitaya kuja kuchukua barafu. Msalimie hata Gideoni. Chai yake bado tunamwekea, hatuna kinyongo na mtoto wa mwanamke mwenzetu.

Ni sisi tunaosubiri ndoo zetu,
Farida Omari,
Mwenyekiti, kwa niaba ya wote.

Nyongeza: Wenzangu wameshaweka sahihi wakaenda zao, kwa hiyo haya ni yangu peke yangu. Juzi Gideoni alipokwenda kunywa chai, nilimshikia mashine. Nikaisogeza kidogo tu kwenye bomba ambalo mimi mwenyewe nililipaka povu nikaapa ni zima, ikanililia mkononi. Raha niliyoisikia siwezi kuiandika. Kama kuna nafasi ya mtu wa kufundishwa kuitumia, naomba jina langu litangulie, maana nimeshajua pa kuiwashia. Na ukitaka kuwasomea wenzangu barua hii, tafadhali chukua mkasi, kata hapo chini ya jina langu, kipande hiki cha chini ubaki nacho wewe.