Mnufaika wa Ukurasa wa Kwanza

Watu walimwita Wakili, ingawa mahakamani alifika mara mbili tu na mara zote alisimama kizimbani. Kazi yake ilikuwa karatasi. Mkobani alibeba mikataba ya kurasa mbili, wa kwanza mtamu na wa pili mchungu, na mahali pa kusaini alipaweka chini ya ule mtamu. Kwa mikataba hiyo alishauza kiwanja kimoja kwa ndugu watatu wasiosemezana. "Hakuna anayefunua," alipenda kusema, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyefunua.

Asubuhi moja ya joto aliingia ofisi ya bima kupunga upepo wa feni, maana huo hautozwi. Mbele ya dirisha la tatu alisimama bibi mmoja akikohoa mpaka miwani ikamshuka puani.

"Mama, nafasi ya mnufaika bado iko wazi," karani alimwambia. "Na ada ya miezi mitatu hujalipa. Ikifika minne, bima inakufa na yote uliyolipa yanapotea."

"Mume alitangulia, mtoto sikujaliwa, nitamwandika nani?" alijibu bibi. "Na hiyo ada niitoe wapi? Mimi ni mpiga chapa. Siku hizi mashine yangu nani anaitaka?"

Akaenda kuketi kwenye benchi akihema.

Neno mnufaika Wakili alilipenda kuliko jina lake la kuzaliwa. Alilielewa hivi: mmoja analipa, mmoja anakufa, na wa tatu anapokea. Yeye alizaliwa kuwa wa tatu. Akapiga mahesabu ya haraka. Mwenye kikohozi kile hangeishi zaidi ya miezi mitatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Umefanana na shangazi yangu aliyenilea mpaka nimeshtuka. Naye alikuwa na kifua hivyohivyo."

Bibi alimtazama juu ya miwani, kuanzia viatu hadi mkoba, kama anayetafuta makosa kwenye barua kabla haijatumwa.

"Akakuachia nini, huyo shangazi?"

"Majonzi tu."

"Pole, mwanangu," alisema bibi, akasogea ili apate kukaa.

Kabla ya adhuhuri Wakili alikuwa amelipa miezi mitatu ya nyuma na jina lake limeandikwa. Karani akampa nakala ya fomu. Aliliona jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, akaikunja fomu kwa heshima na kuitia mfukoni, karibu na moyo.

Kuanzia hapo akawa mpwa wa mfano. Kila mwezi alilipa ada. Kila Jumamosi alipeleka matunda na kuuliza hali ya kifua kwa shauku ambayo majirani waliiona ni ya nadra kwa vijana wa leo. Mwezi wa tatu ukapita. Mwezi wa tano akamleta daktari, si kwa nia mbaya, alitaka tu kujua tarehe.

"Huyu hana ugonjwa mkubwa," daktari alisema. "Paa linavuja juu ya kitanda na ukuta umeota ukungu. Tengeneza paa, kikohozi kitaisha."

Wakili alimshukuru kwa uso wa msiba. Paa hakuligusa.

Wiki iliyofuata bibi alimwambia, taratibu, huku akimenya chungwa, "Fundi cherehani hapo jirani ana moyo mzuri. Amejitolea kupanda juu kuziba. Nafikiria nimwandike yeye. Fomu ya kubadilisha mnufaika ni ya bure."

Kesho yake Wakili alikuwa juu ya ngazi na nyundo. Mabati aliyanunua kwa pesa ya pikipiki yake, ambayo alimuuzia, kwa uchungu, mtu aliyesisitiza kusoma mkataba wote. Akapaka ukuta rangi. Kikohozi kikaisha. Siku aliyomsikia bibi akiimba jikoni, sauti kavu na safi, aliona huzuni ya kweli. Lakini alishatumbukiza mengi mno kuacha, akajikaza kisabuni.

Mwezi wa kumi na nne bibi alivaa gauni lake la mikutano.

"Leo tunakwenda ofisi ya bima kumaliza mambo yako na yangu," alisema. "Saini hapa kwanza, wajue ni wewe uliyekuwa ukinilipia."

Ilikuwa barua aliyoipiga chapa mwenyewe, ikimsifu mpwa kwa upendo na hiari yake. Wakili aliona sifa zake, akasaini chini yake kwa mkono wa madaha. Wakapanda teksi.

Dirisha la tatu, karani alitabasamu. "Hongera, mama. Miaka ishirini imetimia leo. Bima imekomaa, hundi yako hii hapa."

"Hundi yake?" Wakili aliuliza. "Na mnufaika?"

"Mnufaika hulipwa mwenye bima akifariki kabla ya muda. Huyu si amesimama hapa? Imeelezwa ukurasa wa pili."

Wakili akaitoa fomu mfukoni. Kwa mara ya kwanza akaifunua. Ukurasa wa pili ulikuwepo, mrefu, wenye herufi ndogo.

"Fomu hiyo niliipiga chapa mimi," alisema bibi. "Nilikuwa karani hapa miaka ishirini na saba. Wateja nao walikuwa hawafunui."

Ulimi uliozoea kuwauzia watu hewa ukajaribu kuomba huruma. "Basi nirudishie nilizolipa, shangazi. Ada, mabati, rangi."

"Umesaini asubuhi kwamba ni zawadi na hutadai."

"Nilisaini sifa."

"Zile ni za ukurasa wa kwanza."

Akampa nakala yake ya barua, akaitia hundi kwenye pochi. Mlangoni dereva wa teksi alichungulia kuuliza nani atalipa, maana saa zinakwenda.

"Hilo nalo limo," bibi alisema.

Safari hii Wakili alifunua. Lilikuwamo, mstari wa mwisho kabisa, limepigwa chapa safi bila kosa hata moja.